Wakulima wa Zabibu Katikati ya Bahari

Ramani ilipofunguka ukutani, ukumbi ulinyamaza, kisha mtu wa safu ya nyuma akakohoa kikohozi cha kuficha kicheko. Kaya za wakulima wa zabibu wa Dodoma, zile ambazo mtafiti alikuwa ametoka tu kuahidi kwamba ataonyesha mahali zilipo hasa, zilikuwa zimetapakaa kwenye Bahari ya Atlantiki, magharibi kidogo ya Tangier, Moroko. Hakuna hata moja iliyobahatika kuangukia nchi kavu. Profesa aliyekaa mbele alivua miwani, akaifuta, akaivaa, halafu akauliza kwa upole ule unaouma kuliko matusi: "Hizi zabibu wanazimwagilia maji ya chumvi?"

Mtafiti alisema projekta ina shida. Projekta haikuwa na shida yoyote. Mwakilishi wa wafadhili alishapiga picha, na kabla ya chai ya saa nne picha ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la idara, ambako mtu alishauri bajeti iongezewe boti na makoti ya kuokolea.

Inashangaza mno, kwa sababu hesabu ngumu zote zilikuwa zimefanyika sawasawa. Setilaiti za GPS, ambazo hazipungui 24, huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na usiku na mchana zinatangaza saa na mahali zilipo. Kishikwambi hupokea tangazo hilo na kukokotoa limechelewa kiasi gani njiani. Ishara husafiri kwa kasi ya mwanga, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo ukikosea mikrosekunde moja tu, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde, umemhamisha mkulima mita 300, kutoka shambani kwake hadi kilabuni. Setilaiti tatu zingetosha kujua mtu yuko wapi. Ya nne inahitajika kwa kuwa saa iliyomo ndani ya kishikwambi ni ya bei ya chini na haiaminiki. Na hapo Einstein bado hajaingia! Kwa mujibu wa nadharia zake, saa za huko juu hukimbia mbele ya zetu kwa mikrosekunde 38 hivi kila siku. Zisingerekebishwa, kosa lingeongezeka kwa kilomita kama 10 kila siku. Zinarekebishwa, na mtu wa Dodoma hatozwi hata senti.

Huku chini kazi ilikuwa ya mdadisi. Ndani ya nyumba ya bati ishara inasuasua, kwa hiyo alitoka uani, akakiinua kishikwambi kama anayeomba mvua, na kusubiri namba ya usahihi ishuke: mita 48, mita 23, mita 11. Bibi mwenye nyumba akamwangalia wee, akasema, "Mwanangu, kama ni mtandao, wenzako wa sensa walikuwa wanapanda kile kichuguu." Sensa ya mwaka 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, kwa hiyo kijijini hakuna asiyekijua kifaa hicho wala matatizo yake. Mdadisi akapanda kichuguu. Mita 7. Mita 5. Programu ikakubali, na namba zikahifadhiwa zikisubiri mtandao upatikane.

Programu za namna hii ni kazi nzuri kweli. ODK, inayotumiwa na watafiti wengi wa vijijini, ilianza kutengenezwa mwaka 2008 na watu wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na wazo lake kubwa ni kwamba dodoso lijazwe hata pasipokuwa na mtandao, litumwe baadaye. Mahali huhifadhiwa kwa namba nne zilizofuatana: latitudo, longitudo, mwinuko, na usahihi. Kumbuka mpangilio huo, maana ndio uliowazamisha watu.

Mabaharia tangu zamani hutaja latitudo kwanza. Wanahisabati wao huanza na mhimili wa mlalo, kwa hiyo wanatanguliza longitudo, na waliotengeneza muundo wa GeoJSON, unaotumiwa na programu nyingi za ramani, waliwafuata wanahisabati. Kila upande una hoja, na hakuna aliyewaomba wakae meza moja. Dodoma mjini ni latitudo -6.17, longitudo 35.74. Zipindue: latitudo 35.74, longitudo -6.17. Hapo ni baharini, karibu na mlango wa Gibraltar. Namba za wadadisi zilitoka kwenye seva kwa mpangilio wa mabaharia, zikaingia kwenye programu iliyolelewa na wanahisabati.

Hadi hapo ni kichekesho. Kilichofuata hakichekeshi.

Kikao cha kesho yake hakikuuliza kuhusu mpangilio wa namba. Kiliuliza kuhusu wadadisi. Mtu aliyeketi chini ya kiyoyozi alisema anawajua vijana hawa, wanakaa chini ya mbuyu wanapika data, halafu wanadai posho. Wakatakiwa waandike maelezo. Hawa ni vijana walionunua bando kwa hela yao, waliochaji kwenye vibanda kwa kulipia kila kifaa, na mmoja wao alikuwa bado anachechemea baada ya kukimbizwa na mbwa. Ramani ilisema baharini, wao walisema Dodoma, na wakubwa wakaanza kwa kuiamini ramani.

Iliyowaokoa ni namba ya tatu, ile ambayo kwa kawaida hakuna anayeisoma. Kwenye safu ya mwinuko, kaya zote zilikuwa kwenye mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, ambao ndio mwinuko wa Dodoma. Ama wadadisi walikuwa kijijini, ama wakulima wa zabibu walikuwa wanaelea angani juu ya Atlantiki.

Wakubwa wakikosea, lugha hubadilika. Mwaka 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, wachumi mashuhuri wa Marekani, walichapisha makala kuhusu madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, aliyekuwa mwanafunzi tu, akagundua kwamba fomula yao ya Excel iliziacha nchi tano nje ya hesabu ya wastani. Waliikubali kasoro hiyo, ikaitwa kosa la Excel. Oktoba 2020 Uingereza ilichelewa kuripoti karibu wagonjwa 16,000 wa Uviko kwa sababu faili la muundo wa zamani wa Excel haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Hilo likaitwa tatizo la kiufundi. Kwa mdadisi wa kijijini jina ni moja tu: umepika.

Mikasa mingine ya utafiti huo inatosha kutajwa kwa kupita. Kaya zilizokosa namba za mahali zilijazwa sifuri, zikatupwa Ghuba ya Guinea, penye latitudo sifuri na longitudo sifuri, mahali ambapo wachora ramani hupaita kwa utani Null Island. Kaya iliyoandikwa kwa mkono bila alama ya kutoa ilihamia kusini-magharibi mwa Ethiopia. Lahajedwali ilifuta sifuri ya mwanzo kwenye kila namba ya simu. Namba za vitambulisho vya taifa za waliosaini posho zina tarakimu 20, lahajedwali inatunza 15, kwa hiyo tano za mwisho ziligeuka sifuri kwa wote. Na kwa kuwa saa za dodoso zilifuata Kizungu, wakulima wanaoamka saa kumi na moja alfajiri waliandikwa kuwa wanaamka saa tano asubuhi, jambo lililomfanya mshauri mmoja aandike aya nzima kuhusu uvivu.

Ramani imesahihishwa na wakulima wamerudi Dodoma. Malipo ya awamu ya mwisho ya wadadisi, hata hivyo, bado yamezuiliwa "hadi uhakiki ukamilike". Uhakiki umekamilika. Anayeshika faili hilo, kama anasoma hapa, tafadhali asaini, na kwenye bajeti ijayo aweke mstari wa bando.