Farasi 230 na Oili Nyeusi

(Gereji moja nyuma ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, saa tatu usiku. Subaru Forester ya mwaka 2010, yenye turbo, imeinuliwa kwa jeki. Mwenye gari ameondoka akipiga simu kwa sauti, na fundi ameshafunga mlango. Kando ya beseni kuna filta ya oili iliyokatwa kwa msumeno, karatasi yake imekunjuliwa na kutandazwa juu ya gazeti. Waliobaki wanazungumza.)

STIKA: Hivi ni haki? Gari la heshima, lenye mimi mgongoni, kulazwa hapa katikati ya matatu mbovu! Kesho watu watasemaje?

KIJITI: (kijiti cha kupimia oili, kutoka ndani ya injini) Watasema injini imenoki.

STIKA: Usilitaje neno hilo, mzee Kijiti. Mwenyewe kasema ni kasauti tu.

KIJITI: Kasauti kanakogonga kila anapokanyaga, hata askari wa barabarani kaangalia chini ya gari akidhani tumegonga mtu.

STIKA: Lakini nguvu bado tunazo. Mimi ndiye niliyezileta. Kila stika inaongeza farasi watano, uliza kijana yeyote.

KIJITI: Mko wangapi?

STIKA: Kumi na mmoja. Yupo wa kampuni ya rimu, ingawa rimu zao hatuna. Yupo wa shokomzoba za mashindano, ingawa zetu zinavuja. Yupo wa klabu, ingawa ada haijalipwa. Yupo joka mlangoni, na yupo mwingine aliyeandikwa Kijapani ambaye hakuna anayejua maana yake. Kuna aliyesoma akacheka, hakutuambia. Halafu yupo wa oili ya mashindano, mkubwa kabisa, juu ya gurudumu la mbele.

OILI: (kutoka kwenye beseni) Huyo wa oili ya mashindano, ndio mimi?

STIKA: Hapana, mama. Wewe ulinunuliwa kando ya barabara, kwenye mtungi uliokuwa na kifuniko kilichokwishafunguliwa.

OILI: Nilijua tu. Hata mimi sijui nilizaliwa wapi.

EKZOSI: Mimi je? Mimi ndiye sauti ya gari hili! Saa nane usiku nikipiga risasi pale Expressway, watoto wa Westlands wanaamka wote.

KIJITI: Pesa alizokununulia wewe zingebadilisha oili miaka mitatu.

EKZOSI: Oili haisikiki, mzee.

KIJITI: Sasa inasikika.

TURBO: Mnanisahau. Injini hii ni ya lita 2 tu. Bila mimi ni gari la kupeleka watoto shule. Mimi ndiye ninayezifikisha farasi zikawa 230. Ukoo wangu ni mkubwa: Alfred Büchi wa Uswisi alipata hataza ya kazi yangu mwaka 1905, kabla ya nyinyi nyote.

KIJITI: Ukoo tumeusikia. Waeleze unaishije.

TURBO: Moshi wa injini unanizungusha. Krenki ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika inajisifu. Mimi napita 100,000. Upande wangu mmoja unapitisha moshi ambao ukikanyagiwa sana hukaribia nyuzi 900, upande wa pili navuta hewa ya kawaida. Katikati ni chuma chembamba kinachozunguka ndani ya oili.

KIJITI: Ndani ya nini?

TURBO: Oili.

KIJITI: Sema kwa nguvu, Ekzosi asikie.

TURBO: Ndani ya oili! Chuma changu kinaelea. Utando wa oili ukikatika kwa sekunde chache chuma kinagusa chuma, na hapo ndipo utaona moshi wa bluu.

OILI: Na mimi mnanifikishaje kwake? Napandishwa kwa bomba jembamba hadi kwenye bolti yenye tundu. Ndani ya bolti hiyo, katika injini nyingi za Subaru zenye turbo za miaka ile, Wajapani waliweka kichujio kidogo cha wavu, kisichozidi ncha ya kidole. Walikusudia kumlinda huyu kijana. Lakini mimi nikikaa miezi kumi na minne bila kubadilishwa, nageuka tope zito, naganda kwenye huo wavu. Mlango wa kumlinda unakuwa ndio unaomnyonga.

TURBO: Mwaka jana aliyenitangulia alifia hapo.

STIKA: Akanunuliwa mwingine.

TURBO: Ndiye mimi. Nilitolewa kwenye gari lililopata ajali, nikafungwa kwenye bomba lilelile na bolti ileile. Hakuna aliyeufungua ule wavu kuutazama. Mwenye gari akaenda kusimulia kwamba turbo za Subaru hazina maisha.

KIBANDIKO: (kikaratasi kidogo kwenye nguzo ya mlango wa dereva) Samahani wakubwa zangu, naomba kusema.

STIKA: Wewe ni nani? Huna hata rangi.

KIBANDIKO: Mimi nilibandikwa na gereji ya Japani siku oili ilipobadilishwa mara ya mwisho kule. Nimeandikwa Heisei 29, maana yake 2017, na kilomita 71,400.

KIJITI: Na alipolinunua hapa Nairobi, mita ilisema ngapi?

KIBANDIKO: 58,000.

(Kimya.)

EKZOSI: Labda lilikuja melini kwa kurudi nyuma.

KIBANDIKO: Kitabu chetu pia kipo kwenye droo ya dashibodi, kwa Kijapani. Hakijafunguliwa; kimewekewa risiti za kuoshea gari. Watengenezaji wa kwetu, kwa magari mengi ya petroli yenye turbo, wanaandika kilomita 5,000 au miezi 6, kitakachotangulia. Gari likiwa na kazi ngumu, nusu ya hapo.

GOLF: (GTI nyeupe, kutoka pembeni, boneti wazi) Miezi 6! Ushamba huo. Kwetu Ujerumani kuna mpango wa hadi kilomita 30,000 au miaka 2.

KIJITI: Kweli upo, kaka. Kwa oili ya viwango walivyoandika wao, kwa gari linalokimbia saa nzima barabara iliyo wazi, na kompyuta inayohesabu. Wewe ulikuwa unawekewa ipi?

GOLF: Ile iliyokuwepo.

KIJITI: Na hapa umeletwaje?

GOLF: Kwa kuvutwa. Kikaza-cheni changu kinasukumwa na presha ya oili. Presha ikawa haba, cheni ikaruka.

KIJITI: Pole. Endelea kupumzika.

OILI: Wanahesabu kilomita, na mimi siishi kwa kilomita. Siku ile tulitoka Syokimau kwenda mjini, jam ya Mombasa Road ikatushika saa moja na nusu. Mita ikaongeza kilomita kumi na kitu. Mimi nikachemka saa moja na nusu nzima, petroli inayopita pembeni mwa pistoni ikiniingia, masizi yakiniingia. Dawa za usafi nilizochanganywa nazo kiwandani zina mwisho. Mtu akinitazama anasema, hii imekuwa nyeusi, mbovu. Weusi si kosa. Nikiwa mweusi maana yake nimebeba uchafu ambao ungebaki ndani. Kosa ni kuniacha niubebe hadi nishindwe.

EKZOSI: Lakini alikuwa anakuongezea!

OILI: Kuongeza si kubadilisha. Anamimina nusu lita safi juu ya lita tatu na nusu za takataka, anafunga kifuniko, anapiga picha.

KIJITI: Na hapo naingia mimi. Nimo ndani ya injini hii, nina pete ya kushika, ya rangi, ili hata mtu asiyejua gari anione. Nina alama mbili. Kutoka ya chini hadi ya juu ni karibu lita 1. Kazi yangu ni ya nusu dakika: gari liwe mahali tambarare, injini ipoe, univute, unifute, unirudishe, univute tena. Toka gari hili lifike Mombasa, mwenyewe hajawahi kunigusa. Alinigusa mwosha magari, alidhani ni kamba ya boneti.

STIKA: Taa ya oili ipo kwenye dashibodi. Ingewaka.

KIJITI: Wanaoitegemea taa hiyo ndio wanaonitia uchungu. Ile taa haipimi oili, inapima presha, tena inawaka presha ikiwa imekaribia sifuri. Ikiwaka unakimbia kasi, beringi zimeshakula chuma. Na injini hizi zenye turbo hula oili kidogo kidogo hata zikiwa nzima. Akipiga kona ya nguvu oili ikiwa chini ya alama, inakimbilia upande mmoja wa sampo, pampu inavuta hewa. Sekunde mbili. Kesho yake sekunde mbili nyingine. Hakuna taa itakayokuambia hayo.

FILTA: (kwa sauti ya mgonjwa) Mimi nitawaambia.

KIJITI: Sema, ndugu. Umekatwa kwa ajili hiyo.

FILTA: Fundi alinikunjua mbele ya mwenye gari, akainamisha taa. Kati ya mikunjo yangu kulikuwa na vipande vidogo vinang'aa kama mapambo ya kadi ya harusi. Mwenye gari akauliza, hii ni rangi? Fundi akapitisha sumaku. Baadhi vilishika, vingi havikushika. Fundi akasema, hivyo visivyoshika ni beringi za konrodi. Vingine vilikuwa na wekundu wa shaba. Maana yake tabaka la juu la beringi limeisha, sasa linaliwa lile la chini.

EKZOSI: Basi tumerogwa. Kuna jirani alituonea wivu tangu tulipofungwa ile programu ya kuongeza nguvu.

KIJITI: Jirani! Mlikwenda kwa kijana mwenye laptopu, akapandisha presha ya turbo, akawaambia wekeni petroli nzuri na mbadilishe oili mapema. Mkasikia sehemu ya kwanza ya sentensi, ile ya nguvu. Jirani ameingiaje hapo?

EKZOSI: Subaru ni gari la mashindano, mzee. Linapaswa kustahimili. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 na Subaru. Richard Burns akashinda mwaka 2000. Vumbi, mawe, mito!

KIJITI: Tena hapahapa Kenya, na nilijua utafika huko. Helikopta ilikuwa inawatangulia McRae na Burns, na kila kituo mafundi wanawasubiri wamelala chini na spana mkononi. Gari likisimama, dakika zinahesabiwa, kila bolti inaguswa. Ninyi mmechukua kelele za yale magari, rangi ya buluu na rimu za dhahabu. Kile kilichoyafikisha mwisho mmekiacha palepale kituoni. Mnataka kukimbia kwa McRae na matunzo ya mkokoteni.

Na sisemi na huyu mmoja. Nasema na wote mnaojaza mafuta ya elfu mbili kwenye gari la farasi 230, mnaopita kwa fundi mkiuliza kama kuna oili ya bei ya chini zaidi ya hiyo ya bei ya chini. Mnaozima injini imewaka moto, mara tu mnapofika baa, ili mshuke haraka mkionekana, na oili iliyobaki tumboni mwa turbo inaungua ikawa mkaa. Dakika moja ya kuacha injini ingurume taratibu inawashinda, ilhali nusu saa ya kuchagua taa za rangi za chini ya gari mnayo. Hamkulazimishwa kununua turbo. Kuna magari ya kawaida, mazuri, yanayosamehe. Mlinunua lisilosamehe kwa sababu mlitaka kuonekana, halafu mnashangaa limewaonyesha.

STIKA: Mzee, mbona ukali?

KIJITI: Miaka yote hii nimekaa gizani nikiwa na jibu, hakuna anayeuliza.

(Asubuhi. Fundi amefungua. Mwenye gari amerudi na rafiki. Fundi anaeleza: kufungua injini, kusaga krenki, beringi mpya, pampu mpya ya oili, kusafisha mabomba yote, kubadilisha bolti yenye wavu, au injini nyingine kutoka kwa wauza vipuri. Anataja bei. Mwenye gari anatazama simu. Rafiki anamvuta pembeni, wananong'ona. Wanarudi na mtungi wa oili nzito, 20W-50, na kichupa cha dawa ya kuzima kelele.)

OILI: Wanamwaga nini humo? Hiyo si ya injini hii.

KIJITI: Ni ya kuficha. Oili nzito inajaza pengo la beringi iliyolika, mlio unapungua wiki moja, mbili. Kwa Turbo itafika imechelewa kila asubuhi, lakini wiki mbili zinawatosha.

TURBO: Zinatosha kwa nini?

KIBANDIKO: Wananibandua, wakubwa zangu. Kwa ukucha.

STIKA: Sisi tunaoshwa! Wanapiga picha! Mwenyewe anaandika, nisikilizeni: "Forester XT, turbo, imetunzwa na mmiliki mmoja, injini haijawahi kufunguliwa, nunua uendeshe."

KIJITI: Haijawahi kufunguliwa, hapo hajadanganya.

Basi wewe unayekuja kuliona Jumamosi, njoo saa mbili asubuhi kabla hawajaliwasha, ushike boneti mwenyewe usikie kama ni ya baridi. Nivute. Nikitoka na oili nzito ya jana kwenye gari la miaka yote hii, uliza ya juzi ilikuwa na nini. Mwambie fundi wako, si wao, afungue filta na aikate mbele yako. Wakikataa, weka pesa zako mfukoni uondoke, hata kama Ekzosi ataanza kuimba.