Barua ya Wazi kwa Jedwali la Tano

Kwa: Jedwali la Tano, Sehemu B, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004
Nakala: Makamishna wa Forodha wa nchi wanachama, mawakala wa forodha, Kilindini
MINTARAFU: GARI LA MTU ANAYERUDI NYUMBANI

Gari la mtu anayehamisha makao ni mzigo wa abiria. Hivyo ndivyo linavyohesabiwa na Jedwali la Tano, ambalo limeliweka gari moja la kila mhamaji pamoja na nguo za kuvaa, sufuria, magodoro na vyombo vingine vya nyumbani visivyotozwa ushuru. Sheria hiyo inatumika tangu Umoja wa Forodha uanze kazi, tarehe 1 Januari 2005. Hapohapo abiria ameruhusiwa lita moja ya pombe kali au lita mbili za mvinyo, pamoja na gramu 250 za tumbaku. Gari nalo limepimwa kwa ukarimu zaidi: lisizidi viti 13 na, likiwa la kubeba mizigo, lisizidi tani mbili. Kwa hiyo chupa ya tatu ya mvinyo inaweza kumtia mtu matatani mbele ya afisa, lakini matatu ya viti 13 inaweza kupita kama begi.

Mzigo huu, hata hivyo, unahojiwa kuliko begi lolote. Sufuria inatakiwa tu iwe imetumika kule ilikotoka. Haiulizwi ilianza lini kupika. Gari lazima liwe limemilikiwa na kutumiwa na abiria mwenyewe, nje ya nchi wanachama, kwa muda usiopungua miezi 12, na siku za meli kuwa baharini hazihesabiwi. Sababu yake inaeleweka. Bila sharti hilo, kila anayetoka London angenunua gari Jumatatu, alipakie Ijumaa, na kufika Mombasa akiapa kwamba wamezeeka pamoja. Ushahidi wa uhusiano huo ni wa karatasi. Afisa wa Kenya hutaka kuona hati ya usajili ya kigeni iliyofutwa. Mamlaka ya magari ya Uingereza, iliyoko Swansea, nayo hutaka kipande cha hati hiyohiyo kirudishwe kwake gari linapoondoka nchini moja kwa moja. Wazoefu hupiga picha kila ukurasa kabla ya kuchana chochote, kisha huweka risiti za bima mahali pamoja na pasipoti.

Mwenye gari pia ana mtihani wake. Jedwali lenyewe ni pole: linataka awe ametimiza miaka 18 na afisa aridhike kwamba kweli anahamisha makao. Kenya imeongeza kipimo chake. Anayerudi lazima awe ameishi nje kwa angalau miaka miwili, na katika miaka hiyo miwili ya mwisho asiwe amekaa nchini zaidi ya siku 90 kwa jumla. Hapa ndipo msamaha unapomtambua mtu wa nyumbani hasa. Mtu aliyekuja wiki mbili kumzika baba yake, akaja Krismasi mbili za wiki tatu tatu, kisha akakaa wiki sita kando ya kitanda cha mama yake hospitalini, ametimiza siku 98. Kwa hesabu hiyo hajarudi nyumbani, kwa sababu hakuondoka vya kutosha. Ndugu yake aliyetuma rambirambi kwa simu na kuahidi kuja mwakani anapata msamaha wote, na kila mwezi aliokosa kuonekana kijijini unazidi kumpa sifa. Afisa hana la kufanya. Pasipoti ina mihuri, na mihuri haiandiki mtu alikuja kwa msiba au kwa starehe.

Tukija kwenye umri wa gari, Jedwali halisemi kitu. Kenya ndiyo inayosema, kwa kiwango chake cha KS 1515:2000, kwamba gari lililotumika lisizidi miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza, na anayerudi nyumbani hakuondolewa katika sharti hilo. Hesabu hufuata mwaka wa kalenda. Kuanzia tarehe 1 Januari 2025, gari lililosajiliwa mara ya kwanza mwaka 2017 halipokewi tena. Matokeo yake, kila usiku wa kuamkia mwaka mpya kuna magari yanayozeeka mwaka mzima yakiwa ndani ya meli. Lililotia nanga Mombasa tarehe 31 Desemba ni kijana; lililochelewa siku moja ni kikongwe kisichoruhusiwa kushuka, ingawa yote mawili yalipakiwa bandari moja na kukaguliwa na mkaguzi mmoja. Zamani mhamaji angeweza kupanga tarehe zake kwa kuitegemea njia ya Mfereji wa Suez. Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalipozifanya meli nyingi zizunguke Rasi ya Tumaini Jema, safari ya kutoka Ulaya ilirefuka sana. Sheria haijaweka fungu la mabaharia waliochelewa. Jedwali kwa busara limekataa kuhesabu siku za baharini zinapomfaa mhamaji kutimiza miezi yake 12. Kiwango cha Kenya, kwa busara kama hiyohiyo, kinazihesabu zinapomdhuru.

Usukani ndio unaogawa wahamaji makundi mawili. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto mwa barabara, na Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto isipokuwa la kazi maalumu, kama vile ambulensi, gari la zimamoto au mtambo mkubwa wa ujenzi utakaokabidhiwa serikali. Muuguzi anayerudi Kisumu kutoka Minnesota anaweza basi kuleta ambulensi na kuikabidhi kwa taifa, lakini si gari alilokuwa akiendea kazini. Asikate tamaa, kwa kuwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya imemwekea njia ya kando. Akithibitisha kwamba alimiliki gari la usukani wa kushoto kwa miezi 12 na kwamba ameliuza kabla ya kurudi, anaruhusiwa kuleta la usukani wa kulia badala yake, mradi thamani yake isipite ya lile la kwanza. Hivyo miezi 12 ya matumizi, iliyokuwa roho ya msamaha wote, inahama kutoka gari moja hadi jingine. Gari analolileta nalo linaweza kuwa limenunuliwa Japani na hajawahi kuligusa, ila kisheria linahesabiwa kana kwamba walipitia pamoja theluji yote ya Minneapolis.

Kundi jingine halijatajwa popote. Maelfu ya Waafrika Mashariki hufanya kazi Saudi Arabia, Imarati, Qatar na Oman, ambako usukani ni wa kushoto, na wengi wao ni wafanyakazi wa nyumbani ambao gari walilolijua ni la mwajiri. Kwao Jedwali ni kamilifu: nguo za kuvaa hazitozwi.

Asiyetimiza masharti hulipa, na namna ya kulipa inastahili kuelezwa kwa utulivu. Kwanza, bei iliyo kwenye risiti haina uzito mkubwa. Kenya hutumia orodha yake ya bei za magari mapya nchini, kisha hupunguza kadiri gari lilivyochakaa. Tuseme thamani ya forodha imetoka shilingi 1,000,000, na injini inazidi sentimita za ujazo 1,500 bila kuingia daraja la magari makubwa zaidi. Kwa kiwango kilichoanza Julai 2023, ushuru wa forodha ni asilimia 35, yaani shilingi 350,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 hautozwi kwenye milioni ile, bali kwenye milioni pamoja na ushuru uliokwisha kutozwa: shilingi 337,500. VAT ya asilimia 16 nayo huja juu ya yote matatu, shilingi 270,000. Asilimia zenyewe ukizijumlisha ni 76. Malipo ni shilingi 957,500, kabla ya ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli. Kila kodi imeitoza kodi iliyoitangulia, na gari limefika barabarani likiwa na thamani ya mawili. Wakati hesabu hizi zikifanywa, gari hukaa kwenye yadi ya makontena likidaiwa gharama za kuhifadhiwa, na si ajabu mwenye gari akalikuta bila redio, bila jeki na bila tairi la spea.

Nchi jirani zinasoma Jedwali lilelile kwa miwani tofauti. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, inakataa gari lililozidi miaka 15 tangu kutengenezwa, ikiwa imemvumilia mzee aliyekataliwa Mombasa hadi karibu mara mbili ya umri unaoruhusiwa Kenya. Tanzania haimkatai mzee; inamtoza ushuru wa uchakavu. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia, kwa hiyo gari la Leicester linalofaa Nairobi linakuwa kero likivuka kwenda Kigali, na la Brussels linalofaa Bujumbura halisajiliki Nairobi. Soko ni la pamoja, mizigo ya abiria ni ya pamoja, ila usukani kila mtu na wake.

Linabaki suala la anayebadili mawazo. Mtu aliyeleta gari kwa msamaha, akaona maisha ya nyumbani yamemshinda, hawezi kumuuzia jirani asiye na msamaha bila ushuru kudaiwa. Akiamua kulirudisha Uingereza, ataulizwa kama amelimiliki kwa miezi sita, na akisamehewa kodi hataruhusiwa kuliuza kwa mwaka mmoja. Akiamua kwenda Marekani atakuta mlango ulioelekea upande wa pili kabisa. Huko, gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vya usalama vya nchi hiyo huingia kwa urahisi tu likishatimiza miaka 25. Kenya inalikataa kwa uzee baada ya miaka minane, Marekani inalikataa kwa utoto kabla ya 25, na katikati kuna miaka 17 ambayo gari hilo halitakiwi na upande wowote. Lililotengenezwa mwaka 2018 litakuwa tayari kwa Marekani mwaka 2043. Jedwali linaombwa, katika marekebisho yajayo, litaje ni nani atakayelipia yadi hadi wakati huo.