Korongo la Kolwezi

Wanaokwenda Arizona kulitazama korongo ambalo mto Colorado umelichonga kwa mamilioni ya miaka wanapoteza nauli yao bure, kwani hapa Kolwezi, nchini Kongo, tangu kampuni ya madini ya Union Minière ilipoasisiwa mwaka 1906 hadi Gécamines na washirika wake wa leo, binadamu ameshindana na mto huo kwa muda usiotimia karne moja na robo, tena bila ya subira.

Mwenye ukwasi na aje kwa ndege ndogo, apate kuiona migodi ya Kamoto na Musonoi ikishuka daraja kwa daraja, mithili ya ngazi za kasri la sultani aliyeamua kuhamia chini. Apendaye barabara ataishika njia itokayo Likasi, nyuma ya malori, na vumbi lake alipokee kwa adabu, maana hilo ndilo fungu la madini lisilosafirishwa ng'ambo, kwa hiyo ni halali ya wenyeji.

Mwenda kwa miguu, naye, ataelekezwa Kasulo, mtaa ambamo mwaka 2014 mkaazi mmoja alivumbua kobalti chini ya nyumba yake, na majirani, wasitake kuachwa nyuma katika neema hiyo, wakachimba uani na hata vyumbani, mpaka sehemu ya mtaa ikazungushwa ukuta na wenyewe wakahamishwa.

Tiketi hakuna. Ila mlinzi wa lango atakuuliza umetumwa na nani, na ukimjibu kwamba umekuja kutazama mandhari tu, ndipo atakapokushuku hasa, kwa sababu hajapata kumwona mgeni aliyelitazama shimo lile akaondoka mikono mitupu.