Muulize Shangazi Ndoo: Mchicha wa Laki Mbili

Barua za mwezi huu zinanuka samadi. Kila mpangaji mwenye kibaraza cha kuweka viatu amegeuka mkulima, na kila mkulima amekuja kwangu kulalamika kwamba mboga anazo ila hela haioni. Nimezisoma zote, nyingine nikiwa nimekaa, nyingine zikaninyanyua. Majina nimeyaficha kwa sababu wengi wenu mna wake, na wake zenu wanasoma.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 29, nimepanga chumba na sebule. Niliona kwenye simu mtu anavuna mboga barazani, nikaamua na mimi nibane matumizi. Nimenunua vyungu vitano vya kuchorwa kwa 75,000, udongo wa mifuko 36,000, mbolea ya maji 18,000, kopo la kumwagilia lenye shingo ndefu 22,000, glavu na koleo dogo 19,000, na bajaji ya kubebea 10,000. Jumla 180,000. Nusu nilikopa kwenye simu, kwa hiyo pamoja na riba imefika laki mbili. Hadi sasa nimevuna mara mbili, mafungu manne ya mchicha. Hapa gengeni fungu ni 500. Nitarudisha lini hela yangu?*
— Mkulima wa Barazani, Tabata

Marahaba mwanangu. Umeuliza hesabu, nami nakujibu kwa hesabu. Laki mbili kwa bei ya genge ni mafungu 400. Umeshakula manne, yamebaki 396. Kila mvuno unapata mafungu mawili. Tukisema unavuna mara moja kwa mwezi, hela yako itarudi baada ya miezi 198, yaani miaka 16 na nusu. Utakuwa na miaka 45, huenda bado upo chumba na sebule, lakini vyungu vitakuwa vyako kabisa.

Mchicha hauangalii maua yaliyochorwa kwenye chungu. Unataka udongo wenye chakula, jua la kutosha na maji yasiyotuama kwenye mizizi. Ndoo ya rangi ya maji ambayo fundi aliitupa, ikisuguliwa vizuri, inafaa. Kiroba cha mchele kinafaa. Dumu la mafuta ya kula lililokatwa ubavuni linafaa, na lile beseni lililopasuka ambalo mama yako amekataa kulitupa tangu ukiwa darasa la tatu linafaa kuliko yote, kwa kuwa limeshajitoboa lenyewe. Vingine vitoboe chini kwa msumari uliopashwa moto, matundu matano au sita. Dumu lililobeba dawa ya wadudu usiliguse, hata uambiwe limeoshwa mara kumi.

Udongo nao haununuliwi kwa mifuko yenye picha ya binti wa kizungu anayecheka. Chota udongo wa kawaida madebe mawili, samadi debe moja, mchanga kiasi kama udongo wenyewe ni mfinyanzi. Samadi iwe imekaa mpaka ikapoa na harufu ikaisha. Nina rundo la barua zinazosema "mboga zangu zimeungua ghafla bila sababu", na ukisoma mpaka chini unakuta mwandishi alizoa kinyesi cha kuku bandani asubuhi na kukimwaga kwenye mche mchana. Samadi mbichi ya kuku inaunguza mizizi. Hakuna aliyekuroga.

Kisha nina wasiwasi unang'oa. Mwenye kipande cha shamba anaweza kung'oa mchicha na mizizi yake akafunga fungu; mwenye ndoo hana anasa hiyo. Baada ya wiki tatu au nne, kata shina vidole vinne juu ya udongo, uache vifundo vichache vya majani. Litachipua pembeni, utakata tena, na tena, kabla halijakomaa na kuwa gumu. Shina moja liache lirefuke mpaka litoe mbegu. Mbegu zake ni ndogo mno na shina moja linatoa maelfu, kwa hiyo paketi ya dukani unainunua mara moja tu.

Kilichonikera ni huo mkopo. Mtu anakopa kwa ajili ya ada, anakopa mgonjwa akilazwa, wewe umekopa kwa ajili ya mchicha! Mkopo wa siku 30 kwa mboga ya siku 28, na mboga yenyewe unakula badala ya kuuza. Hapo barazani kwako kilichostawi ni riba peke yake, na haikuhitaji hata kumwagiliwa. Lipa deni kwanza. Vyungu vitatu wauzie majirani wanaopenda waridi. Kopo lenye shingo ndefu libaki, maana nina hakika hakuna atakayelinunua.

*Shangazi, mume wangu ameanza kuandika bajeti ya nyumba. Nilifurahi mpaka nilipoisoma. Kodi 120,000. Chakula 200,000. Ada ya mtoto 60,000. Umeme na maji 40,000. Mengineyo 210,000. Nikimuuliza mengineyo ni nini, anasema ni vitu vidogovidogo. Halafu ananiambia ndoo zangu sita za sukuma wiki ndizo zinazomaliza maji na kutufilisi.*
— Mama wa Ndoo Sita, Mbagala

Mama, huyu Mengineyo namfahamu. Saa tisa alasiri anakunywa soda ya baridi. Anapanda bodaboda kwa mwendo wa kutembea dakika kumi. Anaweka bando, linaisha, anaweka jingine. Jumamosi yuko banda umiza anatazama mpira, mkononi ana mkeka wa timu nane, saba zimeshinda. Ijumaa ameonekana kwenye kitimoto au kwenye mishkaki, kutegemea dini yake. Mke mwenza mwenye gharama hizi angeshaitishiwa kikao cha wazee, lakini Mengineyo anakula zaidi ya nyumba nzima na hana hata mwenye kumuuliza anatoka ukoo gani.

Mwaka 1904 huko Japani, mwandishi wa habari aitwaye Hani Motoko alitoa daftari la kuandikia matumizi ya nyumbani. Wajapani huliita kakeibo, na hadi leo madaftari ya namna hiyo yanauzwa. Halina uchawi wowote. Unaandika kwa mkono kila kilichotoka, siku kilipotoka, na mwisho wa mwezi unakaa nacho uso kwa uso: hiki kilikuwa cha lazima, hiki tamaa, hiki dharura. Mnunulie mumeo daftari jipya la mia tano, na uchore safu zote mwenyewe. Safu ya Mengineyo isiwepo. Akitaka kuandika mkeka, aandike "mkeka". Wanaume wengi wangeacha kubeti leo kama wangelazimika kuliandika neno hilo juu ya ada ya mtoto.

Atakuja na kanuni ya Kimarekani, najua, kwa sababu huko kwenye simu wote wanaihubiri: asilimia 50 kwa mahitaji, 30 kwa matamanio, 20 kwa akiba. Ilienezwa na Elizabeth Warren na binti yake katika kitabu cha mwaka 2005, kabla mama huyo hajawa seneta. Si kanuni mbaya. Ila iliandikwa kwa watu wanaolipa kodi ya nyumba mwezi kwa mwezi. Wewe mwenye nyumba wako anataka ya miezi sita kwa mkupuo, na mwezi huo mahitaji peke yake yanazidi mshahara. Ndipo watu wenye kazi nzuri tu wanapojikuta kwenye mikopo ya kausha damu, kwa deni ambalo walilijua tangu siku ile waliyopewa ufunguo. Kodi yenu ni 120,000 kwa mwezi, basi kila mwezi hela hiyo itoke siku ya mshahara na ikae mahali ambapo mkono haufiki: kikoba, akaunti isiyo na kadi, au kwa mama mkwe mgumu. Mimi nawapendelea mama wakwe. Hawana makato.

Kuhusu maji, ndoo ya sukuma inataka lita moja hadi mbili kwa siku ya jua kali. Ndoo zako sita hazimalizi hata ndoo moja ya lita 20, na nusu ya hayo ni maji uliyooshea mchele na mboga, ambayo yangemwagwa vilevile. Endelea kuchuma majani ya chini na kuacha moyo wa juu, mche utakulisha kwa miezi. Siku mume akilalamika tena, mpikie Mengineyo.

*Shangazi, mwenye nyumba anasema nyanya nilizootesha kwenye ndoo uani ni zake kwa kuwa kiwanja ni chake. Anasema pia ndoo zangu zinaleta mbu. Na LUKU tunayochanga wapangaji wanne ananiambia nitoe zaidi kwa sababu "nafanya kilimo".*
— Mpangaji Mwenye Uchungu, Sinza

Kiwanja ni chake. Ndoo ni yako, udongo uliubeba kwa kiroba, mbegu ulinunua. Ndiyo raha ya ndoo, ina mpini. Siku ukihama, shamba linapanda kirikuu pamoja na godoro, na yeye atabaki na kiwanja chake chote bila kupungua.

Kwenye mbu mzee ana haki, na usibishane naye. Vile visahani ulivyoweka chini ya ndoo ili sakafu isichafuke vinatuamisha maji, na mbu wa homa ya dengi anapenda kutaga hapo hapo, kwenye maji kidogo yaliyotulia karibu na watu. Dar es Salaam iliugua dengi mwaka 2014 na tena 2019, huna haja ya kuanzisha yako. Ondoa visahani, inua ndoo juu ya matofali mawili. Na lile pipa la akiba ya maji lifunike.

Kwenye umeme sasa. Nyanya hazitumii umeme, hilo hata yeye analijua. Mkumbushe, kwa adabu na baada ya salamu ndefu, kwamba tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, ikianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na kufika 1,500 mwaka 2023. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Wanaoilipa ni nyinyi wanne mnaonunua umeme. Ukishalisema hilo, mpe nyanya mbili na uondoke kabla hajajibu.

Na kabla hamjafikishana kwa mjumbe, kagueni majani. Yakiwa na madoa meupe yaliyochimbwa ndani kwa ndani, na nyanya zina vitundu karibu na kikonyo, huyo ni kantangaze, nondo mdogo mwenye asili ya Amerika Kusini aliyeingia nchini mwaka 2014 na kuwaliza wakulima wenye ekari. Hatambui hati ya kiwanja wala mkataba wa upangaji. Chuma majani yaliyoathirika uyafunge kwenye mfuko wa plastiki uanike juani, usiyatupe pale pale chini ya ndoo.

*Habari Shangazi. Nakuandikia kutoka Nairobi. Nina gunia moja la sukuma nje ya mlango, lakini kuku wa jirani ndio wanaokula. Nifanye nini?*
— Gunia Moja, Kibera

Dada, unaniuliza mimi habari za gunia ukiwa Kibera? Baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, shirika la Kifaransa la Solidarités lilieneza magunia hayo mtaani kwenu, na watu wamekuja kutoka nchi nyingine kujifunza. Tafuta mama yeyote aliyekuwepo wakati ule, atakuonyesha: kopo lisilo na kitako linawekwa katikati, linajazwa mawe, udongo unajazwa pembeni, kopo linavutwa juu, linajazwa tena, mpaka gunia linakuwa na nguzo ya mawe inayopeleka maji hadi chini. Kisha unatoboa ubavuni na kupanda miche pande zote. Matundu ya chini, pale mdomo wa kuku unapofika, wewe panda vitunguu vya majani. Sukuma ikae juu. Jirani usimgombeze, anayo samadi.

*Shangazi, nilikuwa naficha akiba yangu kwenye kopo la maziwa, nikalifukia ndani ya ndoo ya mchicha ili mke wangu asiione. Jana alikuwa anahamisha miche. Hajasema kitu mpaka sasa. Noti zimelowa. Nifanye nini kwanza?*
— Mwenye Kibubu, Mwanza

Anika noti kivulini, moja moja, usizipige pasi. Kuhusu mke, jambo moja tu linaweza kukuokoa: mwambie ulikuwa unamwekea zawadi ya siku yake ya kuzaliwa. Lakini kabla hujafungua mdomo, mpigie shemeji yako umuulize ni tarehe ngapi.