Barua ya Wazi kwa Pentagon

Kwa Wakuu wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani,

YAH: OMBI LA KUPATIWA UONGO MMOJA WA KUDUMU

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Waheshimiwa, Julai 1947 jeshi lenu pale Roswell, New Mexico, lilitangaza kwamba limeokota kisahani kirukacho. Kabla wino haujakauka, likasema ni puto la hali ya hewa. Tukaitikia. Mwaka 1994 mkasema puto lile lilikuwa la mradi wa siri, Mogul, wa kunasa mitikisiko ya majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Tukaitikia tena. Mwaka 1997 mkafafanua kwamba maiti za viumbe wanazosimulia watu zilikuwa midoli ya majaribio iliyoangushwa kwa parachuti. Midoli hiyo iliangushwa miaka ya 1950. Walioiona mwaka 1947 wapewe nishani.

Mwaka huohuo jarida la jirani zenu, CIA, likaandika kwamba zaidi ya nusu ya taarifa za vitu vya ajabu angani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, zilitokana na ndege za kijasusi, hasa U-2. Kumbe watu waliona sawasawa! Wakati ule waliambiwa ni chembe za barafu na mabadiliko ya joto la hewa.

Juni 2021 serikali yenu ikachapisha ripoti ya matukio 144 ya vitu hivyo. Moja tu ndilo lililopatiwa maelezo ya uhakika: puto. Na Machi 2024 ofisi yenu ya kuchunguza matukio hayo ikasema hakuna ushahidi wowote wa wageni kutoka sayari nyingine.

Mimi nawaamini. Tatizo ni kuwatetea kijiweni. Julai 2023 ofisa wenu wa zamani wa ujasusi, David Grusch, aliapa mbele ya kamati ya Bunge kwamba mmeficha vyombo visivyo vya binadamu. Hakuonyesha hata skrubu moja, lakini kijiweni ananishinda, kwa kuwa yeye hajawahi kubadilisha puto.

Hamkuficha viumbe, waheshimiwa. Mlificha puto na ndege, na kila mlichokificha kikaota kichwa kikubwa na macho meusi.

Hivyo naomba mchague uongo mmoja mdumu nao. Mkishindwa, semeni tu, "Ni siri ya jeshi." Siri tunaivumilia. Kuambiwa macho yetu ni mabovu, kisha kuletewa miwani baada ya miaka arobaini, hapana.

Naomba kuwasilisha.

Mtazama Anga Asiye na Cheo

Nakala: Idara ya Maputo, kwa utekelezaji.