Dafrao za Bwana

Katika hori ya Mtwapa, ambako mashua za anasa hulala karibu na ngalawa za wavuvi, wamezuka mabwana ambao, wakikusudia kununua dafrao, yaani mito ya kukinga ubavu, za chombo cha futi 20, hushauriana siku nyingi kuliko walivyoshauriana walipokuwa wakiwaoza binti zao. Kanuni yenyewe ni sahali: kipenyo cha inchi 1 kwa kila futi 4 za urefu, yaani inchi 5 zatosha, tatu kila ubavu. Lakini inchi 5 hazionekani kutoka barazani; basi bwana hununua mapulizo meupe yenye unene wa tumbo lake mwenyewe, akayavika soksi za kitambaa cha buluu ili, asema, yasichubuke. Kitu kilichoumbwa kikwaruzwe, naye amekitafutia kinga!

Kisha huyatundika mahali yanapopendeza, si mahali ubavu unapogusa gati. Na maji ya bamvu yatokapo, ambayo huko hushuka zaidi ya mita 3, chombo husagwa na nguzo, ilhali dafrao zimestarehe katika uwazi ulio baina ya nguzo mbili, safi kama zilivyotoka dukani. Mvuvi jirani amefunga mpira mkuukuu wa gari kwa kamba ya makumbi. Ni kweli mpira hutia weusi usiotoka, ila mashua yake haijapata kudai weupe.

Bwana naye hutweka tanga akashika njia ya bahari kuu, dafrao zote sita zikiburuzika majini, maana kuzipandisha ni kuwadhulumu watazamaji.