Fyekeo Lisilo na Nembo

Harvey Penick, mwalimu wa gofu wa Texas, aliandika katika kitabu chake cha 1992 kwamba mwanafunzi anunue fyekeo, afyeke magugu: misuli ishibe mazoezi, ua upate usafi. Kosa lake moja tu: fyekeo halikuwa na nembo.

Leo vijiti vya kulengea shabaha katika mazoezi ya gofu, ndugu wa vile Wamarekani wanavyochomeka kando ya njia ya gari kabla ya theluji, vimepewa jina, rangi na kaulimbiu. Bei nafuu, eti. Nafuu kwa mwenye kadi ya klabu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kijiti hiki kimeajiri mbunifu akitembeze.

Na shimo la gofu? Milimita 108 vilevile, na halijui kusoma nembo.